Kutafuta vigawo vya kwadratiki bila kubahatisha

Ukiona mtu amekwama kutafuta vigawo (mabano mawili yanayozidishwa) vya kwadratiki, yaani usemi wenye x² kama x² + 5x + 6, mara nyingi shida iko kwenye hasi na chanya, basi tuanzie hapo hapo. Kabla hujaandika chochote angalia ile namba ya mwisho isiyo na x. Kama ni chanya, namba mbili utakazotafuta kwenye mifano ya hapo chini zina alama sawa, zote chanya au zote hasi, na kama ni hasi basi moja chanya nyingine hasi, yaani ushapunguza nusu ya kazi bila hata kushika kalamu.

Nyepesi kwanza: x² + 5x + 6. Tafuta namba mbili ukizizidisha upate 6, ukizijumlisha upate 5, ni 2 na 3, jibu (x + 2)(x + 3). Hii wengi wanaiweza.

Sasa ile inayotesa watu, x² ikiwa na namba mbele yake. Chukua 6x² − 7x − 3. Usianze kubahatisha mabano, utajaza karatasi bure. Zidisha namba ya mwanzo na ya mwisho, 6 × −3 = −18, halafu tafuta namba mbili zikizidishwa zitoe −18 na zikijumlishwa zitoe −7. Ziandike pembeni kabisa kwa mpangilio: 1 na 18, 2 na 9, 3 na 6. Hapo 2 na 9 tofauti yao ni 7, na tunataka −7 kwa hiyo ile kubwa ndo inabeba hasi: −9 na 2. Vunja ile −7x ya kati kati kwa namba hizo:

6x² − 9x + 2x − 3

Weka mbili mbili, 3x(2x − 3) + 1(2x − 3). Hiyo 1 usiiache jamani, watu wanaisahau kisha mabano ya pili yanapotea. Yale mabano yakifanana ujue uko sawa, yasipofanana rudi ukague alama zako. Jibu ni (3x + 1)(2x − 3), lifungue tena uone kama linarudi ulikotoka.

Na kama namba hazionekani kabisa? Piga b² − 4ac, a ni namba iliyo mbele ya x², b iliyo mbele ya x, c ile ya mwisho. Kwa ile ya juu ni 49 + 72 = 121, ambayo ni 11 × 11, safi, vigawo vipo. Lakini x² + 4x + 1 inatoa 16 − 4 = 12, na 12 haina kipeuo cha pili kilicho kamili, basi acha kuhangaika, kama ni mlinganyo unaolingana na sifuri nenda kwenye fomula moja kwa moja, x = (−b ± √(b² − 4ac)) / 2a, utapata x = −2 ± √3.

Kosa moja naliona sana na linaniuma maana mtu anakuwa kafanya kila kitu vizuri: anapewa (x + 4)(x − 3) = 8 anaandika x + 4 = 8 au x − 3 = 8. Hapana, kutenganisha mabano kunaruhusiwa pale tu upande wa pili ni sifuri, kwa sababu ukizidisha vitu viwili ukapata sifuri lazima kimojawapo ni sifuri, ila 8 inaweza kutoka popote, 2 × 4, 16 × ½, hata −1 × −8. Fungua mabano, x² + x − 12 = 8, hamisha 8 ipatikane x² + x − 20 = 0, ndo utenge (x + 5)(x − 4) = 0. x ni −5 au 4. Rudisha 4 kule mwanzo: 8 × 1 = 8. Rudisha −5: −1 × −8 = 8.