Stimingi ya tui la nazi kwa mafuta ya ufuta

Kila mteja anayekaa kwenye mkeka wangu hapa Mtanda, Lindi mjini, siku hizi ana video ya stimingi kwenye simu, yaani kupaka nywele mchanganyiko wa kuzilainisha na kuzifunika zipate joto: parachichi, ndizi, mtindi, mayai. Parachichi lenyewe limepanda lori huko Njombe au Mbeya, linafika kwetu limechoka na bei imepanda. Wakati huohuo nazi zimelala uvunguni mwa kitanda cha mteja huyohuyo, na ufuta ndio zao letu. Mimi ni msusi, na stimingi yangu ni ya nazi.

Sababu si mazoea tu. Mafuta ya nazi ni miongoni mwa machache yanayoingia ndani ya unywele, na yakishaingia hupunguza protini inayopotea tunapoosha na kuchana. Ya alizeti hubaki juujuu, yanang'arisha, basi. Ila tuelewane mapema: stimingi haioteshi nywele. Inazilainisha zisikatike, na zisipokatika utaona zimerefuka.

Kwa nywele zinazofika mabegani chukua nazi moja iliyokomaa, kavu. Tikisa kwanza usikie maji yake. Ukiivunja ikanuka uchachu, tupa, hata kama umeinunua kwa hela yako ya mwisho. Ikune kwa mbuzi, usishuke mpaka kwenye ile ngozi ya kahawia. Mimina maji ya vuguvugu nusu kikombe tu, vuruga kwa mkono, kamua. Hilo ndilo tui zito, na ndilo tunalolitaka. La pili, jepesi, lipeleke kwenye kisamvu. Chicha wape kuku. Nyumbani kwangu nikianza kukuna nazi mchana huulizwa leo tunapika au tunapaka, na jibu ni vyote viwili.

Sasa chuja. Hapa ndipo wengi wanapoharibu, kwa sababu chujio la chai linapitisha chembe. Tumia kipande cha kanga kuukuu kilicho safi, chuja mara mbili. Chembe za nazi zikishika kwenye nywele za kipilipili utazitoa kwa kucha hadi magharibi. Ndizi ndiyo mbaya zaidi kwa hilo, hata ukiiponda vipi, nami siipokei.

Tui likishachujwa, liweke kwenye friji kama saa mbili. Utando mzito utapanda juu. Uengue kwa kijiko, huo ndio wa kupaka. Asiye na friji alitumie tui vilevile, ila alipake siku hiyohiyo, maana kwa joto letu hili halichelewi kuchacha.

Ongeza kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ya ufuta, yaliyokamuliwa bila kukaangwa, maana ya kukaangwa yatakufanya unuke kashata. Ongeza na kijiko cha asali, ambayo huvuta unyevu na kuushikilia. Ukitaka mchanganyiko upate moto kidogo, weka bakuli ndani ya sufuria yenye maji ya moto. Usiliteleke tui lenyewe jikoni: litakatika, mafuta huku, maji kule.

Nywele ziwe zimeoshwa na zina unyevunyevu, zisichuruzike maji. Zigawe mafungu manne. Anzia kwenye ncha, maana ndiyo sehemu kuukuu na iliyochoka kuliko zote, kisha panda kuelekea kwenye mizizi. Chana kwa vidole kwanza, halafu kitana cha meno mapana. Funika kwa kofia ya plastiki ya kuogea. Mifuko ya nailoni tuliyoizoea imepigwa marufuku tangu Juni 2019, na hata hivyo ilikuwa inavuja shingoni. Zungushia kitenge juu, kaa nusu saa. Mashine ya saluni haina kazi hapa, jua la Lindi linatosha: kaa kibarazani, chambua mchele.

Kuosha kunataka subira. Suuza mpaka maji yasiwe meupe tena, kisha shampuu kidogo kichwani tu. Sasa kuhusu maji yenyewe: visima vyetu vingi vya karibu na bahari vina chumvi, sabuni haitoi povu na nywele hubaki ngumu hata baada ya kazi yote hiyo. Weka ndoo moja ya maji ya mvua au ya bomba kwa suuzo la mwisho. Ukiwa na siki, kijiko kimoja cha chakula katika lita moja ya maji kinatosha. Siki kavukavu usipake, na ndimu kichwani kisha ukatoka juani ni kujitafutia kuungua ngozi.

Mayai? Kiini peke yake, kwa nywele zilizochoka na dawa, na uoshe kwa maji ya baridi. Maji ya moto yatakupikia yai kichwani. Protini yake ni kubwa mno kuingia ndani ya unywele, inakaa nje tu, kwa hiyo sioni haja ya kumnyima mtoto kifungua kinywa.

Mara moja kila baada ya wiki mbili inatosha, na wakati mzuri ni siku moja kabla ya kusuka. Ukishasuka twende kilioni au rasta, tui lisiguse kichwa: litabaki katikati ya mistari, lichache, na jirani yako kwenye daladala atajua. Hapo tumia mafuta ya nazi matupu, kidogo, kwenye ngozi.

Mtu ambaye ufuta, nazi au yai humletea vipele au kumbana kifua, asijaribu kabisa. Na mtoto mwenye mapunye usimpake tui wala kumleta kwangu asukwe. Apelekwe zahanati kwanza, akipona mlete.