Kabla Kijiji Hakijategemea Kikosi: Kazi ya Kamati ya Amani Lamu

Kikosi cha usalama kikipiga kambi Hindi, Witu au Basuba, hapa Lamu, msianze kwa kuhesabu magari yake. Kamati imwandikie kamanda barua kupitia kwa chifu, imuulize: mwananchi akivamiwa nyumbani kwake, askari wanaruhusiwa kufyatua risasi, ama hadi washambuliwe wao? Jibu lisomwe barazani.

Swali hilo limegharimu roho za watu. Tarehe 11 Januari 1994, Jenerali Roméo Dallaire, kamanda wa walinda amani wa Umoja wa Mataifa nchini Rwanda, aliarifu makao makuu ya Umoja huo, New York, kwamba anakusudia kukamata silaha zilizofichwa Kigali. Akakatazwa. Mauaji ya kimbari yalipoanza Aprili, watu wapatao 2,000 walikimbilia shule ya ufundi ya ETO mjini Kigali, walikokuwa askari wa Ubelgiji wa kikosi hicho cha Umoja wa Mataifa. Tarehe 11 askari waliondoka, na wengi wa walioachwa wakauawa siku hiyo hiyo. Kwa hiyo ulizeni pia: kikosi kikihamishwa, nani ataarifiwa, siku ngapi kabla, na nani atashika zamu? Msipojibiwa, msiwaelekeze watu kukimbilia kambini.

Kisha pigeni hesabu. Tuseme kikosi kina askari 40: toeni 6 wa likizo, 10 wa kulinda kambi, 4 wa jikoni na magari. Wamebaki 20; kwa zamu mbili, usiku mna 10 kwa vijiji vyote. Uchache kama huo uliua Bosnia: mji wa Srebrenica ulitangazwa na Umoja wa Mataifa kuwa eneo salama mwaka 1993. Makamanda walitaka askari 34,000 kwa maeneo yote ya aina hiyo nchini humo, wakaidhinishiwa kama 7,600. Julai 1995 wanaume na wavulana zaidi ya 8,000 wa Srebrenica waliuawa.

Mjue pia nani anaamuru nani. Mogadishu, Oktoba 1993, makomando wa Marekani waliingia mjini kwa amri zao wenyewe. Walipozingirwa, askari wa Umoja wa Mataifa kutoka Malaysia na Pakistan waliotakiwa kuwaokoa hawakuwa wameambiwa mapema, na kujipanga kukachukua saa nyingi. Jeshi, polisi na askari wa akiba, kila mmoja atoe namba mbili za simu. Zijaribuni kila wiki, usiku. Pasipo na mtandao, chagueni mapema mwenye bodaboda au mashua wa kupeleka habari.

Mwisho, kikosi huhitaji habari za wananchi: mrina asali wa Kiboni, jamii ya msituni, aliyepigwa na askari njiani hatarudi kuwaeleza nyayo za wavamizi alizoziona msituni. Lalamiko kama hilo limfikie kamanda siku hiyo hiyo, mzee wa kijiji akiandamana na mlalamishi.