Kabla ya kwenda kliniki ya moyo

Ukitoka Arua au Kasese hadi Taasisi ya Moyo ya Uganda pale Mulago, nauli imekula pesa na daktari ana foleni ndefu. Halafu anakuuliza, "Unaendeleaje?" nawe unajibu, "Sijambo." Umejipunja. Mpapatiko wa atria, yaani vyumba vya juu vya moyo kutetemeka ovyo, kwa wengine huja na kuondoka, na siku ya kipimo cha umeme wa moyo unaweza kuwa umetulia kabisa.

Kwa hiyo andika kabla. Moyo ulianza kwenda mbio lini, ukifanya nini, ukadumu muda gani? Hesabu mapigo kwenye kifundo cha mkono kwa dakika nzima. Yanaporukaruka, robo dakika hudanganya. Zaidi ya yote, andika ulichoacha kufanya: dumu la maji unalolitua njiani mara mbili, usingizi unaokatika kwa hofu, boda unayoogopa kupanda peke yako. Daktari huamua uzito wa dawa za kutuliza moyo kwa kutazama pia mambo hayo. Nenda na mke, mume au dada, maana hao huona ulivyopungua. Ugonjwa huu hauvimbishi uso, na nyumbani wengi huitwa wavivu tu.

Beba dawa zote kwenye mfuko, hata za mitishamba na zile za maumivu za dukani, kwani diklofenaki ya maumivu na warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, hazipatani. Mboga za majani kama dodo na nakati usiziache. Kula kiasi kilekile kila wiki ili INR, kipimo cha damu kinachoonyesha inachukua muda gani kuganda, isiyumbe. Lengo kwa wengi ni 2 hadi 3.

Hapa Uganda wagonjwa wengi ni vijana ambao valvu zao, yaani vilango vya moyo, ziliharibiwa na homa ya baridi yabisi utotoni. Mwanamke anayetarajia kushika mimba aseme mapema: warfarini inaweza kumdhuru mtoto tumboni. Lakini asiikatize mwenyewe. Moyo ukitulia, hatari ya damu kuganda na kuleta kiharusi bado ipo.

Mdomo ukipinda, mkono ukilegea au maneno yakivurugika, tarehe ya kliniki haina kazi tena. Kimbilia hospitali iliyo karibu saa hiyohiyo, na anayekusindikiza akumbuke dalili zilianza saa ngapi.