Kufunga ignisheni ya elektroniki kwenye MGB: kazi kubwa iko ndani ya distributa

Hewa ya Unguja ina chumvi, na pointi za distributa, kile kifaa kinachogawa moto kwa plagi, haziipendi. Gari ikikaa wiki chache bila kuwashwa, khasa wakati wa masika, nyuso za pointi zinashika kutu nyembamba usiyoiona kwa macho, na asubuhi unapiga selfu mpaka betri inachoka. Unazisugua kwa msasa, gari inawaka, na baada ya muda umerudi pale pale. Ndiyo maana wenye gari za zamani za Kiingereza hapa kwetu wananiuliza kila siku kuhusu moduli ya elektroniki. Jibu langu ni ndiyo, ifunge. Lakini ifunge kwenye distributa iliyo nzima.

Nalisisitiza hili kwa sababu nimeletewa gari nyingi gerejini zikiwa tayari na moduli mpya, na bado zinamisi, yaani moto unaruka silinda. Ukifungua unakuta shafti inacheza, springi zimelegea na waya wa ethi (unaorudisha umeme kwenye bodi) umekatika. Moduli inachukua nafasi ya pointi na kondensa (kikopo kidogo kinachozuia pointi kuungua) tu. Vilivyobaki vyote ni vile vile vya zamani, na vikiwa vibovu vitabaki vibovu.

Mwongozo huu ni wa MGB, gari ndogo ya spoti iliyotengenezwa Uingereza kuanzia 1962 hadi 1980, yenye distributa ya Lucas 25D4. Distributa hiyo utaikuta pia kwenye Morris Minor na Mini nyingi za zamani, kwa hiyo mwenye gari hizo naye afuate; vipimo vya taimingi, yaani wakati plagi inapopata moto, ndivyo vitakavyokuwa tofauti. MGB za kuanzia katikati ya miaka ya 1970 zina 45D4. Hatua hazibadiliki sana, ila agiza moduli ya distributa hiyo, maana hizi mbili haziingiliani.

Kwanza elewa kinachobadilika

Pointi ni swichi. Kamu ya distributa, ile sehemu ya shafti inayozisukuma pointi, ina pembe nne. Kila pembe inapopita inafungua pointi, umeme wa koili unakatika, na papo hapo koili inatoa volti maelfu kwenda kwenye plagi. Injini ya silinda nne ikizunguka mara 4,000 kwa dakika, pointi zinafunguka mara 8,000 katika dakika hiyo. Kisigino cha pointi kinachosuguana na kamu kinalika, nafasi inapungua, na taimingi inachelewa kidogo kidogo bila ya dereva kutambua. Anachoona yeye ni kwamba gari imekuwa nzito na mafuta yanakwisha haraka.

Moduli inaondoa msuguano huo. Pete yenye sumaku nne inavishwa juu ya kamu, na pembeni yake kinakaa kihisio kinachotumia kanuni aliyoigundua Edwin Hall wa Marekani mwaka 1879. Sumaku inapopita, kihisio kinakata umeme wa koili bila kugusana na chochote. Hakuna cha kulika wala cha kushika kutu ya chumvi. Kwa kisiwa chetu hilo peke yake linatosha kuhalalisha gharama ya kuagiza.

Hatua ya 1: jua ethi ya gari yako

MGB za mwanzo, mpaka 1967, zilitoka kiwandani na ethi chanya, yaani nguzo chanya ya betri ndiyo iliyofungwa kwenye bodi. Baada ya hapo zikawa ethi hasi. Moduli nyingi zinazouzwa ni za ethi hasi, na ukiifunga kwenye gari ya ethi chanya inaungua mara moja. Usitegemee mwaka wa gari, maana nyingi zimeshageuzwa na mafundi waliotangulia. Nenda kwenye betri, fuata waya mnene unaofungwa kwenye bodi, utazame unatoka nguzo gani.

Kwenye gari nyingi za aina hii betri ziko nyuma ya viti, chini ya sakafu, mbili za volti 6 zilizounganishwa mfululizo. Ni pahala pa siri, na kwa hiyo hapatazamwi. Safisha nguzo zote nne mpaka zing'ae, na usafishe pia waya wa ethi wa injini kwenda kwenye bodi. Betri zilizojaa zinasoma kama volti 12.6 kwa pamoja. Moduli inahitaji umeme zaidi wakati wa kupiga selfu kuliko pointi zilivyohitaji, kwa hiyo betri dhaifu itakufanya uilaumu moduli bure.

Hatua ya 2: gari iende vizuri kwa pointi kabla ya kuzitoa

Hapa ndipo nakuomba utumie muda wako mwingi. Weka pointi kwa fila geji (vibamba vya kupimia nafasi), nafasi ya milimita 0.35 hadi 0.40, na plagi milimita 0.6. Washa gari. Ikiwa inamisi, tafuta sababu sasa, wakati bado unashughulika na kitu unachokijua.

Fungua kifuniko, utoe rota, kisha shika shafti kwa vidole na uisukume pembeni. Ikicheza waziwazi, bushi zimekwisha. Kama una mita ya kupima pembe ya kufunga, yaani digrii ambazo kamu inazunguka pointi zikiwa zimefungika, 25D4 inatakiwa isome digrii 60, ikipungua au kuzidi 3. Kanyaga mafuta uitazame. Ikiyumba sana ujue shafti hiyo haikai pamoja. Kihisio cha sumaku kinavumilia mchezo wa shafti kuliko pointi, lakini moto utaendelea kutofautiana baina ya silinda na silinda. Bora ubadilishe bushi.

Rudisha rota, uizungushe kwa mkono kinyume cha mwendo wa saa, halafu uiachie. Irudi yenyewe kwa nguvu ya springi. Ikibaki pale ulipoiacha, vyuma vya kuwahisha moto vilivyo chini ya bamba linalobeba pointi vimekauka au springi zimekatika. Toa bamba, safisha, tia mafuta mepesi. Matone mawili ya oili juu ya shafti, chini ya rota, ni kazi ya dakika moja ambayo watu wengi wameisahau.

Kisha chomoa mpira wa vakyumu (unaovuta hewa kutoka kwenye kopo la distributa) upande wa kabureta na uuvute kwa mdomo. Bamba lisogee, na ukiziba mpira kwa ulimi libaki limesogea. Likirudi, kiwambo kimetoboka.

Mwisho, na hili ndilo linalowapotosha wengi: tafuta kiwaya kidogo kilichosukwa kinachounganisha bamba na mwili wa distributa. Bamba linasogea kila vakyumu inapofanya kazi, na kiwaya hicho kinakatika nyuzi moja moja. Moduli yenye waya mbili inapata ethi yake kupitia bamba hilo. Kiwaya kikikatika, gari itawaka leo, kesho itazima barabarani, na keshokutwa itawaka tena, nawe utakuwa umeshabadilisha koili na pampu. Kama kimeanza kuchakaa, kibadilishe kwa waya laini wenye nyuzi nyingi, si waya mgumu.

Hatua ya 3: pima koili na umeme unaoifikia

Chomoa waya za koili, weka mita kwenye ohmu, upime baina ya nguzo mbili ndogo. Ukisoma karibu na ohmu 3, hiyo ni koili ya volti 12 ya kawaida, na moduli nyingi zinaikubali. Ukisoma karibu na 1.5, ni koili inayofanya kazi pamoja na rezista. Hapo fuata karatasi ya mtengenezaji wa moduli kama ilivyo, kwa sababu koili yenye ohmu chache inavuta umeme mwingi na inaweza kuiua moduli.

Sasa rudisha waya za koili, washa injini na upime volti kwenye nguzo chanya ya koili, kisha kwenye betri. Zikitofautiana kwa zaidi ya nusu volti, kuna kiunganishi kichafu njiani. Katika rangi za Lucas, waya mweupe ndio unaoleta umeme kutoka kwenye swichi ya ufunguo, na mweupe wenye mstari mweusi unatoka koili kwenda distributa. Ufuate ule mweupe, ufungue kila kiungo, usafishe, upake vaselini, ufunge. Kwa gari iliyoishi karibu na pwani nusu karne, viungo hivyo vina chumvi, amini usiamini.

Hatua ya 4: kufunga moduli

Ondoa waya wa betri. Piga picha ya kifuniko na waya za plagi kwa simu. Mpangilio wa moto ni 1-3-4-2, na rota inazunguka kinyume cha saa ukiitazama kwa juu. Tia alama kwa kalamu kwenye mwili wa distributa pale rota inapoelekea. Usilegeze boliti ya distributa kwa sasa.

Toa kifuniko, rota, pointi, kondensa na kiwaya cha pembeni. Futa bamba mpaka libaki chuma kitupu, kwa sababu moduli inataka kukaa bapa na kupata ethi. Ifunge kwa skrubu zake, na uhakikishe kile kiwaya cha ethi kimerudi chini ya skrubu yake. Visha pete ya sumaku juu ya kamu, uigeuze taratibu mpaka pembe zikamatane, kisha uisukume chini mpaka ikae kabisa. Pete ikikaa juujuu, rota haitaingia yote na kifuniko kitaibana. Seti nyingine zinakuja na kipande cha plastiki cha kupimia nafasi baina ya pete na kihisio, kitumie. Halafu zungusha injini kwa mkono mzunguko mzima wa rota, ukitazama kama kuna pahala pete inagusa.

Pitisha waya mbili kwenye tundu la pembeni na uziache na ulegevu kidogo ndani. Vuta tena mpira wa vakyumu kwa mdomo na uangalie: bamba linaposogea, waya zisivutike wala zisikaribie pete inayozunguka.

Nje, kwa kawaida waya mwekundu unakwenda nguzo chanya ya koili na mweusi nguzo hasi, pale ulipotoka ule mweupe wenye mstari mweusi. Hakikisha kwa karatasi ya seti yako, tena mara mbili. Ukizipishanisha, moduli haikupi nafasi ya kujuta.

Waya za plagi zenye shaba tupu ndani zibadilishe. Mawimbi yake yanaisumbua moduli na redio pia. Weka waya zenye ukinzani, au plagi zenye ukinzani kama NGK BPR6ES badala ya BP6ES. Rota nayo chagua isiyokuwa na ribiti katikati, maana kwenye zile zenye ribiti moto unaweza kupenya ndani mpaka kwenye shafti. Nafasi ya plagi mimi naiacha ile ile ya 0.6 madhali koili ni ya kawaida.

Hatua ya 5: taimingi

Kile kipimo cha balbu ulichokuwa ukitumia injini ikiwa imezimwa hakifai tena. Utahitaji taa ya taimingi. Paka chokaa nyeupe kwenye mfuo wa puli ya kranki ili uuone.

Rudisha rota, kifuniko na waya wa betri, washa, uache injini ipate moto. Chomoa mpira wa vakyumu na uuzibe. Shusha sailensa (mwendo wa injini bila kukanyaga mafuta) iwe kama mizunguko 600 kwa dakika. Kwa injini ya 18GB kipimo ni digrii 14 kabla ya pistoni kufika juu. Injini nyingine za MGB zina vipimo vyake, kwa hiyo soma bamba la nambari ya injini kwanza. Legeza boliti ya distributa kidogo tu. Kuizungusha kwa mwendo wa saa kunawahisha moto, kinyume chake kunauchelewesha. 25D4 ina kinobu kidogo karibu na kopo la vakyumu cha kumalizia marekebisho madogo. Kisha pandisha mizunguko hadi 3,500 na utazame: jumla iwe baina ya digrii 30 na 34. Ikipita hapo, springi ni dhaifu, na umerudi hatua ya 2.

Mshale wa mizunguko kwenye dashibodi ukianza kurukaruka, usiogope. MGB nyingi za miaka ya 1960 zina saa ya Smiths inayohesabu umeme unaopita kwenye ule waya mweupe. Ipe moduli umeme wa waya wake mwekundu kutoka nyuma ya swichi ya ufunguo, kabla ya saa hiyo, na mara nyingi inatulia.

Rudisha mpira wa vakyumu, toka barabarani. Mimi napita Mtoni na Kibweni mpaka Bububu, kisha napandisha kuelekea Masingini kwa gia ya juu, kwa sababu Unguja haina mpando mwingine wa maana. Ukisikia injini inagonga kama kokoto ndani ya kopo, punguza digrii mbili ujaribu tena.

Mambo mawili ya kuangalia baadaye

Usiache ufunguo umewashwa wakati injini imezimwa. Koili ya ohmu 3 inavuta ampea 4, yaani wati 48 za joto, na moduli inaweza kubaki imefungua njia muda wote huo. Kama unapenda kukaa Forodhani jioni ukisikiliza redio, ivutie redio waya wake peke yake kutoka kwenye betri, wenye fyuzi. Na jua kwamba moduli haizuii maji: kifuniko chenye ufa kitazima gari kwenye dimbwi la kwanza la masika kama kilivyokuwa kikifanya zamani.

Pointi na kondensa ulizozitoa, ikiwa bado nzima, zifunge kwenye bamba la akiba zikiwa zimeshapimwa, uziweke kwenye buti pamoja na bisibisi na fila geji. Moduli ikifa usiku njia ya Makunduchi, hakuna fundi wa kuirekebisha. Bamba la pointi unalibadilisha mwenyewe kwa tochi ya simu. Baada ya wiki moja ya kutembea, kaza tena boliti ya distributa na uipime taimingi upya.