Toba isiishie kwenye machozi

Wapendwa, ukishatubu usikae unajilaumu tu wiki nzima, hebu soma Luka 19 umwone Zakayo, yule mtoza ushuru tajiri, alimkaribisha Yesu kwa furaha halafu akasimama akasema nusu ya mali anawapa maskini na aliyemdhulumu anamrudishia mara 4, yaani furaha na toba vilienda pamoja kabisa. Sasa leo ukimaliza kuomba chukua simu, mtafute yule uliyemkosea, litaje kosa lenyewe bila kuongeza "lakini na wewe", na kama una chake rudisha hata kidogokidogo. Hapo ndo wengi tunakwama jamani. Halafu msifu Mungu kwa sauti hata kama huyo mtu hajajibu, Daudi mwenyewe kwenye Zaburi 51 aliomba arudishiwe furaha ya wokovu, nawe omba hivyohivyo.