Mpangaji akihama na wewe uko mbali: dhamana irudi mwisho

Mpangaji wangu wa Tabata, Dar es Salaam, alikabidhi funguo Jumamosi jioni. Binamu yangu akanitumia video ya dakika mbili: kuta, dari, choo, tochi ya simu ikimulika huku na huku kwa sababu umeme wa LUKU, ule wa kulipia kabla, ulikuwa umeisha. "Kaka, nyumba safi kabisa." Nilikuwa Leicester, Uingereza, naingia zamu ya usiku. Nikamwambia amrudishie mtu dhamana yake, laki sita, aende zake.

Wiki ya pili dalali akaleta mteja. Mama wa watu akafungua bomba la jikoni, likakoroma tu. Kumbe maji yalishakatwa kwa deni la laki nne na themanini! Nikairudia ile video: madumu saba ya njano yamepangwa mlangoni, nami sikujiuliza ya nini. Ujumbe wa bili ulikuwa ukiingia kwenye simu ya mpangaji, maana mwenyewe niliandikisha namba yake nisisumbuliwe. Nikimpigia, hapokei mpaka leo.

Kwa hiyo usirudishe dhamana kabla hujaona deni la maji. Akaunti ya DAWASA, mamlaka ya maji ya Dar, iko kwa jina lako, mpangaji anahama na vyombo vyake, deni anakuachia. Siku ya kukabidhi, mtu wako apige picha mita ya maji, tarakimu zisomeke, mpangaji akiwa hapohapo. Muulizie salio la akaunti, pamoja na matumizi ambayo bado hayajaingizwa kwenye bili. Alipe, uone risiti, ndipo utoe hela. Akikwambia ana haraka, gari la mizigo linamsubiri, basi dhamana nayo isubiri.

Mengine mnayajua: notisi kwa maandishi, hesabu ya funguo, sahihi mbele ya mjumbe. Ila kumbuka kodi ya jengo hukatwa kwenye LUKU tangu Agosti 2021. Nyumba ikikaa tupu miezi mitatu bila kununua umeme, makato yanalimbikizana, na mpangaji mpya atakupigia akilalamika kwamba uniti zake zimeliwa. Nunua wewe kwanza.

Ndugu zetu nao, jamani. Binamu yangu si mwizi, ana haya tu. Kufungua mabomba ya mtu huku amesimama anakutazama anaona ni kumdhalilisha. Mpe orodha, aseme "kaka kaniagiza", lawama zije kwako.

Hapa Uingereza hakuna haya hiyo. Nilipohama chumba changu cha kwanza, dada wa wakala aliinama akachungulia ndani ya jiko langu, akaandika "mafuta", nikakatwa. Nilichukia. Lakini dhamana yenyewe mwenye nyumba haruhusiwi kukaa nayo anavyotaka: sheria humpa siku 30 kuilinda kwenye mpango wa dhamana uliothibitishwa na serikali, na mkibishana yupo wa kuamua. Hawa watu hawaaminiani, ila karatasi zao zinawaepusha na ugomvi. Sisi tunaaminiana mpaka bomba likorome. Na mimi niliyesaini kurasa kumi na mbili kwa ajili ya chumba kimoja hapa, kule Tabata niliridhika na video ya tochi.

Dhamana irudi mwisho, nasema tena.

Juzi mpangaji mwingine kahama. Binamu kanitumia video ya bomba tu, linatiririka, dakika nzima. Nikampigia afunge, maji yanalipiwa.