Namna ya kuchunguza athari za kelele za mji kwa ndege wa Arusha

Anayetaka kujua kama kelele za magari hubadilisha milio ya ndege huvutiwa kwanza na njia rahisi: kumrekodi ndege mmoja kando ya Barabara ya Sokoine, kumrekodi mwingine msituni, kisha kuwalinganisha. Njia hiyo haifai, kwa kuwa sehemu hizo mbili hutofautiana kwa mengi zaidi ya kelele, yaani miti, chakula, taa za usiku na hata ndege wenyewe. Kulinganisha Arusha na Moshi ni kubaya zaidi, maana Arusha iko kwenye mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari na Moshi iko chini sana ya hapo. Linganisha nyakati mbili za mahali pamoja, wakati wa kelele na wakati wa utulivu.

Mfano mzuri ulipatikana San Francisco mwaka 2020, magari yalipopungua ghafla kwa sababu ya janga la korona. Watafiti waliokuwa na rekodi za miaka ya nyuma waliona kwamba ndege wadogo wa mji huo walikuwa wakiimba kwa nguvu ndogo zaidi kuliko awali, na bado sauti yao ilisikika mbali zaidi. Sisi hatuhitaji kungoja janga. Soko la Tengeru hufurika Jumatano na Jumamosi, kwa hiyo uwanja wowote wenye miti karibu na soko hilo, ambao mwenyewe amekuruhusu kuingia, utakupa siku za kelele na siku za afueni katika wiki ileile. Walio katikati ya mji hupenda kutumia Jumapili kama siku ya utulivu. Waangalie kwanza kama hakuna kanisa lenye vipaza sauti jirani.

Kabla ya kurekodi, zoeza masikio yako penye utulivu. Msitu wa Ziwa Duluti unafaa kwa watu wa Arusha, na Msitu wa Rau kwa watu wa Moshi. Chagua ndege wawili tu. Ninapendekeza tetere na chozi, kwa sababu nguvu kubwa ya ngurumo za magari iko chini ya hezi 2,000 (hezi ni kipimo cha unene au wembamba wa sauti), na humo ndimo mlio mnene wa tetere unamofunikwa, wakati sauti nyembamba ya chozi hupita juu yake. Zaidi ya hayo, tetere hurithi mlio wake bila kujifunza, ilhali chozi ni wa kundi la ndege wanaojifunza nyimbo kwa wakubwa wao, na ndege wa namna hiyo wana nafasi kubwa zaidi ya kuubadilisha wimbo ukizidiwa na kelele.

Fika kabla ya saa kumi na mbili alfajiri. Tumia simu ileile kila siku, isimame mahali palepale, na uzime kipengele chochote kinachopunguza kelele chenyewe, kwa sababu hicho hufuta kile hasa unachokichunguza. Hifadhi sauti katika mfumo wa WAV. Programu za simu za kupima desibeli, yaani ukubwa wa sauti, hazina usahihi wa kutosha kukupa kiwango halisi, lakini tofauti kati ya siku mbili zilizopimwa kwa simu moja inatosha kwa kazi hii. Andika saa ambayo kila ndege ameanza kulia, kwani badiliko linaweza kuwa la wakati: huko Sheffield, Uingereza, utafiti wa mwaka 2007 ulionyesha kuwa ndege waliokuwa wakiimba usiku walipatikana zaidi sehemu zenye kelele nyingi mchana. Ukiwa karibu na Mto Themi wakati wa masika, andika pia hali ya maji, kwa maana mto uliojaa nao hunguruma kwa sauti nene.

Usimchezee ndege rekodi ili alie. Atadhani mpinzani ameingia kwenye eneo lake, na utakuwa unapima hasira yake.

Kazi inayohitaji uangalifu zaidi hufanyika mezani. Fungua rekodi katika programu kama Audacity na utazame picha ya sauti (spectrogram), ambayo huonyesha sauti nene chini na nyembamba juu. Siku ya kelele, sehemu ya chini ya picha hujaa rangi ya ngurumo, na noti nene za ndege hupotea humo, hivyo wimbo uleule utaonekana kama umeanzia juu zaidi. Wengi hudhani wamegundua ndege aliyepandisha sauti, kumbe ni kelele iliyoficha noti zake. Kwa hiyo usipime pale wimbo unapoonekana kuanzia, bali pima masafa (hezi) yenye nguvu zaidi katika kila noti, na uache kabisa rekodi ambazo ndege alikuwa mbali. Kwa tetere fanya hivyo kwa ukali zaidi, na ikiwa rekodi safi za siku ya soko ni chache mno, mtumie kwa saa ya kuanza kulia peke yake.